Mkono wa Bibi na Sauti Yake

Pale Lemara, nyumbani kwa akina Magreth, kitu cha umeme kikigoma hakuna aliyeumiza kichwa. "Mwiteni Magreth!" ndiyo ilikuwa dawa. Akitoka shule, kabla hata hajavua sare, alibadilisha betri za rimoti na kumtafutia baba yake chaneli ya taarifa ya habari, ndipo alipokwenda kuosha vyombo na kuchochea moto wa makande jikoni. Alikuwa darasa la sita, na sifa hizo zilianza kumlevya kidogo.

Wiki hiyo alipewa kazi nzito. Jumamosi ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga mama yake mdogo, Catherine, kabla ya harusi, na Bibi Sifaeli, mama mzazi wa Catherine, hakuweza kushuka kutoka Nkoaranga kwa sababu ya goti. Katika ukoo wao binti haondoki nyumbani bila baraka za mzazi, na baraka za Bibi zina utaratibu wake. Bibi hutamka neno, hunyanyua mkono, na watu wote huitikia "Amina!" kwa pamoja. Ole wako uitikie kabla hajanyanyua mkono! Umemkatiza mzee, na baraka hiyo anaihesabu imeanguka chini. Basi Magreth alikuwa amepanda Nkoaranga na simu ya baba yake, akamrekodi Bibi, kisha akaiweka video kwenye flashi ili ichezwe kwenye deki yao ya zamani.

Siku ya kuijaribu, aliichomeka flashi, na Bibi akatokea uani kwake, jua likimwakia usoni. "Nyumba yako isikose moto jikoni," alisema, na mkono ukapanda palepale. Safi kabisa! Magreth akazima, akakimbia kucheza rede na wenzake.

"Video tayari, Mama!" alipaza sauti akiwa mlangoni. "Imenyooka!"

Alhamisi jioni ndugu na majirani walikuja kufanya mazoezi ya kuitikia. Baraka za mwanzo zilikwenda vizuri. Lakini kadiri video ilivyoendelea, mambo yakaanza kwenda kombo. Mkono wa Bibi ulipanda wakati sauti bado inasema. Watu wakaitikia "Amina!" katikati ya maneno, wakashtuka, wakanyamaza. Safari iliyofuata hawakuitikia kabisa. Mwishoni Bibi alikuwa amefumba mdomo na kutulia, huku sauti yake ikiendelea kuwaombea wajukuu.

Emmanuel, kaka yake Magreth, alicheka mpaka akajishika mbavu. Catherine hakucheka. Machozi yalimlengalenga. "Siwezi kukubali mama yangu achekwe mbele ya wakwe zangu," alisema. "Bora isionyeshwe kabisa."

Mama alimgeukia Magreth. "Uliiangalia mpaka mwisho?"

"Ndiyo, Mama," Magreth alijibu.

Wageni walipoondoka alianza kuhangaika. Alibadilisha flashi. Wapi! Alichomoa nyaya akazichomeka upya, mkono ukazidi kuitangulia sauti. Aliicheza video ileile kwenye kompyuta ya baba yake, na huko, mkono na sauti vikaenda pamoja mwanzo hadi mwisho. Sasa kosa liko wapi? Akapata wazo la kuiwahisha sauti kidogo kwenye kompyuta, kisha akairudisha video kwenye deki. Mwisho ukakaa sawa, lakini sasa mwanzo ukaharibika! Ilikuwa kama blanketi fupi: ukifunika kichwa, miguu inabaki nje. Magreth alikaa sakafuni, hajui ashike lipi aache lipi. Yeye, fundi wa nyumba nzima, hakuelewa hata kidogo.

Mama alimkuta hapo analia.

"Mama, nilikudanganya. Niliangalia mwanzo tu."

Mama alikaa kitako karibu naye. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," alisema. "Ungeniambia kweli tangu siku ile ya kuijaribu, tungeanza kutafuta msaada mapema. Haya, futa machozi. Iangalie sasa, yote, bila kuruka. Kesho tutakwenda kwa Baba Najat, na utamweleza mwenyewe."

Baba Najat alikuwa rafiki wa familia, mpiga video za harusi mwenye studio yake Daraja Mbili. Kesho yake, baada ya shule, walimkuta akifuta vumbi kwenye kamera.

"Shikamoo, Baba Najat."

"Marahaba, fundi wa Lemara! Mama yako alinidokeza kwenye simu. Sauti na picha zinaachana, eti? Zinaachana tangu mwanzo, au baadaye?"

Jana Magreth asingeweza kujibu. Leo aliweza. "Mwanzoni ziko sawa. Mvua ilianza kunyesha, tukahamia jikoni kwa Bibi. Zinaanza kuachana hapo jikoni, na zinazidi kuachana. Tena Bibi anaonekana kama ana haraka, wakati siku ile hakuwa na haraka yoyote."

Baba Najat aliweka kitambaa chini. "Jikoni kuna giza?"

"Giza na moshi."

"Basi nusu ya kazi umeshaifanya," alisema. "Video ni picha nyingi zinazopita upesi. Juani simu hupiga picha nyingi kila sekunde. Gizani hupiga chache, ili kila picha ipate mwanga wa kutosha. Kompyuta inalijua hilo, inazisubiri. Deki yenu haijui kusubiri. Inazipitisha zote kwa mwendo mmoja, kwa hiyo zile chache zinaisha upesi na sauti inabaki nyuma. Tutaigeuza video, kila sekunde iwe na picha sawa, juani na jikoni."

Aliigeuza kwenye kompyuta yake, akaichomeka flashi kwenye deki ya studio. Baraka ya kwanza ilipokwenda sawa, alinyoosha mkono azime.

"Hapana, Baba Najat, tafadhali," Magreth alisema. "Tuiache mpaka mwisho."

Jumamosi, mbele ya wakwe, Bibi Sifaeli alitamka na kunyanyua mkono, na ukumbi wote ukaitikia "Amina!" kwa sauti moja. Uani sawa, jikoni sawa. Catherine alilia, safari hii akitabasamu.

Kabla keki haijakatwa, simu ya Mama iliita. Alikuwa Bibi, na alimtaka Magreth.

"Waliitikia?"

"Waliitikia, Bibi."

"Hata ile ya mwisho?"

"Hata ile ya mwisho. Niliisikia mwenyewe."

Bibi alishusha pumzi. "Basi umefanya kazi, mjukuu wangu. Ya kwanza kila mtu huiitikia vizuri. Mtu wa kuaminika utamjua kwenye ile ya mwisho."