Damu ya Wawili

Asubuhi ile foleni ya dirisha la kupimia damu hospitalini ilikuwa imefika mpaka mlangoni. Mshonaji, ndani ya gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, aligeuka amkaripie aliyekuwa akimsukuma mgongoni. Kumbe ni mumewe, Fundi Saa! Miezi minne hawajaonana.

"Wewe!"

"Ndiyo mimi. Shati usilikague, halijaonja pasi tangu uondoke."

Kicheko kilimjia, akakimeza. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika. Baada ya ile ya tatu alifungasha nguo, akahamia kwa shangazi yake bila kuaga. Kisha wifi yake akapiga simu: "Kaka anakwenda kupimwa damu, ajue kama anaweza kuzaa." Yeye akajua basi, mke mwingine anatafutwa.

"Unataka kuoa, siyo?" akanong'ona.

"Nimuoe nani? Daktari alisema na mume apimwe. Kama ni damu yangu inayokuumiza, nikuache upate mwenye damu njema."

Mshonaji akaduwaa. Naye alikuja kwa neno hilohilo: kama damu yake yeye ndiyo mbaya, amwache mwenzake akazae kwingine.

"Kitendawili," Fundi Saa akasema.

"Hapa? Mbele za watu?"

"Wewe itikia."

"Haya, tega."

"Ninayo tele siiogopi, nikiona tone natetemeka."

"Damu, mwoga wewe!" Safari hii kicheko kilimtoka, foleni nzima ikageuka.

Majibu yalichukua wiki mbili. Kila jioni simu ililia kwa shangazi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe acha kushindia chai."

Siku ilipofika waliingia kwa daktari pamoja. Daktari, mama mtu mzima, akavaa miwani, akasoma majibu taratibu.

"Damu ya mumeo haina neno. Yako, binti yangu, inaganda upesi mno. Ndiyo maana mimba hazikai. Zipo dawa na sindano. Wanawake kumi wenye damu kama yako wakitibiwa, kama saba hivi hupata mtoto."

"Na mimi nimo katika hao saba?"

"Hilo kipimo hakinionyeshi, mwanangu. Nisikudanganye."

Walichukua dawa, wakatoka. Kwenye ngazi Mshonaji akasimama, akamshika mkono wa shati.

"Nikiwa katika wale watatu, je?"

"Basi nitakuwa mume wa mmoja wa wale watatu."

"Usinijibu haraka hivyo."

"Haraka wapi? Miezi minne nimelala peke yangu nikilifikiria. Mtoto namtaka, sikufichi. Lakini mezani nilikuwa natenga sahani mbili, na ya pili haikuwa ya mtoto."

Mshonaji alitazama chini, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Halafu akamkabidhi mfuko wa dawa.

"Twende kwa shangazi nikachukue vitu vyangu. Na cherehani utaibeba wewe, ni nzito."