Kifundo cha Dume

Nzi wa ndorobo walishuka kwenye mkanda wamezimia kwa baridi, miguu juu. Mashine iitwayo Mpambanuzi iliwapiga picha tumboni mmoja mmoja, kisha ikawapuliza: dume kushoto, jike kulia. Mji mzima wa Same ulijivunia mashine hiyo.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Ndorobo dume ana kifundo chini ya ncha ya tumbo, kama kishikizo cha shati, jike hana. Madume walinyweshwa dawa ya kuwahasi, halafu ndege zisizo na rubani zikawamwaga Bonde la Mkundi. Huko wangewapanda majike wa porini, nao wasizae, na malale, ugonjwa uliowafukuza watu bondeni, ungekwisha.

Lakini haraka, jamani! Dakta Nakijwa, mkuu wa mradi, alitaka nzi wake watoke na nguvu. Akaagiza walishwe damu kabla ya kutiwa baridi, badala ya baada. Nani angembishia? Mama yake mzazi alikuwa amesharudi bondeni kwa neno lake.

Wiki kadhaa baadaye Nakijwa alimchukua "dume" mmoja akamweka chini ya lenzi. Alipogusa kifundo kwa sindano, kikabanduka. Kilikuwa choo. Ndorobo akishiba hujisaidia papo hapo, na lile tone lilikuwa limegandia kwenye ncha ya tumbo.

"Huyu jike," alisema.

"Na dawa haiwahasi majike," fundi Hatibu akasema taratibu. "Ina maana tumewapelekea watu nzi wanaozaa?"

"Siyo tumewapelekea, Hatibu. Nimewapelekea."

Alizima mkanda, akampigia mdogo wake.

"Senkondo, hameni bondeni. Leo hii."

"Dada, si wewe uliyetuambia turudi?"

"Ni mimi. Nilikosea, nisamehe. Nzi wamezaliana huko. Mama yuko wapi?"

"Amelala. Homa haimwachi tangu juzi, tukadhani ni uchovu."

"Mungu wangu! Ameumwa na nzi?"

"Wanatua mwilini mwake kila siku, dada. Si mlisema nzi wenu hawana ugonjwa, tusiwaue? Sisi tukitaka kuwafukuza, anatugombeza. Anasema, 'Mwacheni anywe, huyo katumwa na mwanangu.'"