Mfalme wa Ukurasa wa Tisa

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Pindo alifuta meza na kupanga vitabu juu yake. Katika kila kitabu kilichungulia kipande cha kitambaa, alama ya msomaji.

Pindo alikuwa mshonaji katika karakana ya sare. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka hata nguo ikichakaa. Jina likamganda mpaka nyumbani.

"Hivi vinarudi maktaba leo," aliwaambia mumewe na binti yao. "Mwezi umekwisha. Nataka kukumbuka nilikotoka, maana kesho ndiyo kesho."

Kesho msimamizi wa karakana angempima. Mkataji wa vitambaa alikuwa amestaafu. Meza ya kukata ilitaka mtu anayeweza kusoma karatasi za kazi bila kushikwa mkono. Pindo alikuwa na cheti cha darasa la watu wazima, lakini cheti kilikaa ukutani, na herufi zikaanza kumtoroka kichwani. Akishindwa, meza ingepewa mtu wa nje. Yeye angerudi kwenye mapindo yake.

"Na mfalme wako hajambo?" mumewe aliuliza. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na utani mwingi. "Bado yuko juu ya farasi?"

Binti alicheka. Pindo naye akacheka. Mwezi uliopita utani huo ungemchoma.

Wakati ule alikuwa na kitabu kimoja tu, kitabu kinene cha historia. Kila jioni alikianza ukurasa wa kwanza. Alisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Akikwama, alirudi mwanzo. Katika ukurasa wa tisa mfalme alipanda farasi kwenda vitani. Hapo usingizi ulimchukua Pindo. Miezi sita ilipita, mfalme hajatoka nje ya lango.

Kazi ndiyo iliyomfundisha hivyo. Mshono ukiruka, unafumua na kuanza upya. Pindo aliamini kwamba kusoma nako ni mshono.

Jioni moja jirani yao, mtunza maktaba ya mtaa, alikuja kuchukua sketi yake. Alimkuta Pindo anasinzia juu ya kitabu.

"Unasoma, jirani, au unamlindia mfalme farasi wake?"

"Kusoma kumenishinda," Pindo alisema. "Nina kichwa kigumu."

"Kichwa kipi? Hicho kinachokumbuka vipimo vya watu arobaini? Hebu niambie, jinzi unaishonea sindano gani?"

"Nene."

"Na hariri?"

"Nyembamba. Ukiweka nene unaitoboa tu. Hata mwanagenzi anajua."

"Basi mbona maandishi yote unayasoma kwa sindano moja?"

Pindo alikifunga kitabu. Jirani akavuta kiti.

"Kila aina ya maandishi ina namna yake ya kusomwa," alisema. "Nipe mwezi mmoja. Mfalme mwache apumzike. Njoo uchukue vitabu vya aina mbalimbali, vyembamba kwanza. Soma robo saa kila siku, kabla hujachoka. Neno likikukwamisha, usirudi mwanzo. Endelea mbele kidogo. Mara nyingi sentensi inayofuata itakufungulia. Likikataa kabisa, liandike, uniulize."

"Mwenda pole hajikwai, jirani."

"Kweli, hajikwai. Lakini wewe huendi pole, umesimama."

Sasa, mezani, Pindo alianza na kijitabu chenye kipande cha jinzi. Hiki hakikuwa cha maktaba; kilikuwa mwongozo wa cherehani yake mwenyewe. Kilikuwa kimelala kwenye droo miaka sita.

"Hiki husomi chote," alimwambia binti. "Unatazama orodha ya yaliyomo, unatafuta shida yako. Mimi uzi ulikuwa unakatika. Nikakuta ukurasa wake, nikasoma hatua moja, nikaifanya, ndipo nikasoma nyingine. Kumbe sindano niliiweka kinyume. Mimi, fundi mzima!"

Kipande cha hariri kilikuwa kwenye mashairi.

"Haya niliyasoma kimoyomoyo, nikatoka mikono mitupu. Jirani akasema, soma kwa sauti, mara tatu, wala usiyakimbize."

"Ukaniambia nipige meza," binti alisema.

"Ulipiga ovyo, mwanangu, lakini shairi liliingia."

Seremala alichukua tamthilia. "Hiki ni changu," alisema. Walikuwa wamegawana wahusika, yeye akawa mwenye nyumba mkorofi. Alifoka vizuri mno, hata jirani akaja kubisha hodi kuuliza kama kuna usalama.

Kwenye gazeti Pindo alijifunza kupita juu ya vichwa vya habari kwanza, kisha kuchagua. Halafu kujiuliza: nani kasema haya, na amejuaje? Kwenye hadithi alijiuliza swali jingine: huyu anataka nini, na kinamzuia nini? Hadithi ya mkunga aliyepoteza kazi yake ilimtoa machozi juu ya sufuria, na chakula kikaungua.

Kitabu cha nyota kilikuwa na alama katikati.

"Hiki hukukimaliza," binti alimwumbua.

"Sikukimaliza. Nilimrudishia jirani nikiona haya. Akaniambia, kitabu si kiapo. Nimekichukua tena, na hapo katikati ndipo nilipofika. Huenda mwakani mimi na nyota tutaelewana."

Jumatatu asubuhi msimamizi alimpa Pindo karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ya juu ilikuwa karatasi ya kazi, sare sitini za wauguzi. Ya chini ilikuwa barua ya mteja. Kitambaa kilikwisha kutandazwa. Washonaji wengine walipunguza mwendo wa cherehani zao wasikie.

"Soma, piga chaki, ukate ya kwanza," msimamizi alisema.

Zamani Pindo angeanza neno la kwanza juu kabisa na kuzama humo. Sasa aliisoma karatasi ya kazi kama mwongozo. Alitafuta vichwa: kitambaa, idadi, vipimo, mikono. Mikono mifupi. Akapiga chaki, akashika mkasi.

Kisha akaifunua barua.

"Hiyo ya nini?" msimamizi aliuliza. "Vipimo si viko juu?"

"Vipimo viko juu, lakini anayetaka nguo yuko huku."

Aliisoma barua kama hadithi, polepole. Huyu anataka nini? Mstari wa nne ulikuwa na neno asilolijua. Mkono wake ulitaka kurudi mwanzo. Akapiga moyo konde, akasoma mbele. Sentensi iliyofuata ilisema wauguzi wanafanya kazi kwenye chumba cha baridi kali, kwa hiyo wanaomba mikono mirefu.

Pindo aliweka mkasi chini.

"Bosi, sikati."

Cherehani zote zilinyamaza.

"Karatasi yetu inasema mikono mifupi. Barua inasema mirefu. Mtu alikosea alipokuwa ananakili. Kitambaa kikishakatwa kifupi, hakuna fundi wa kukirefusha."

Msimamizi alichukua karatasi. Akasoma ya juu, akasoma ya chini. Akasoma tena. Akakuna kisogo, kwa kuwa aliyenakili alikuwa yeye.

"Futa chaki," alisema mwishowe. "Piga mirefu. Na hiyo meza ni yako. Usimpe mtu mwingine mkasi wangu."

"Mkasi wangu," Pindo alimrekebisha, na karakana nzima ikacheka.

Jumamosi, akiwa na robo saa yake, alishusha kile kitabu kinene. Safari hii alifungua orodha ya yaliyomo kwanza. Akaitafuta sura ya vita, akaisoma hadi mwisho. Mumewe alikuwa anapiga randa kibarazani.

"Baba watoto," alimwita, "mfalme ameshuka farasi."

Randa ilisimama. "Makubwa. Ameshinda?"

"Ameshindwa vibaya. Alipelekewa barua ya kumwonya, akaiweka mfukoni bila kuisoma."