Nyuki wa Celeste

Armand Thibault alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Vermont, Marekani. Kwake, shule ilikuwa dawati, mwalimu na mtihani. Binti yake Celeste alipomwambia kwamba mwaka wake wa mwisho wa sekondari angesoma sayansi nje ya darasa, kwa kufuga nyuki, hakupendezwa.

"Nani atakupa alama? Nyuki?"

Mwalimu Joyce Wheelock, aliyesimamia masomo ya namna hiyo, alifika nyumbani kumweleza. Celeste angechagua maswali yake mwenyewe, lakini hangeachwa ajiendee tu. Kwanza wangekubaliana anataka kujua nini, na ataonyeshaje kuwa amejua. Wangekutana mara kwa mara kutazama maendeleo yake. Mwishoni angehojiwa na walimu pamoja na mfugaji mzoefu wa nyuki.

Armand alikubali shingo upande, na Celeste akaanza na mzinga mmoja.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Celeste alifungua mzinga. Asali ilikuwepo, lakini nyuki wote walikuwa wamekufa. Aliingia jikoni akakaa na mabuti yake ya matope.

"Nimefeli, Baba."

Armand naye aliona hivyo. Alimpigia simu mwalimu, akamwomba amrudishe mtoto darasani.

"Hatupimi mzinga, Bwana Thibault," mwalimu akamjibu. "Tunampima Celeste. Amejifunza nini, na anaweza kutuonyesha?"

Celeste akarudi mzingani. Aliwakung'uta nyuki wafu juu ya karatasi nyeupe, wakadondoka wadudu wadogo wekundu: kupe wa nyuki, wanaowanyonya hadi kuwaua. Akapiga picha. Alikumbuka kwamba dawa ya kupe aliwawekea nyuki, ila kwa kuchelewa, baridi ikiwa imeshabisha hodi.

Siku ya mahojiano Armand alikaa nyuma. Mfugaji alimwuliza Celeste angefanya nini tofauti. Akaeleza jinsi ya kupima kupe wakati wa kiangazi, kabla hawajazagaa. Kisha akaulizwa nyuki wazima huishije kwenye baridi kali. Akababaika, akasema hajui.

Walimwambia waziwazi: malengo mengine ameyafikia, hilo bado. Akajifunze, arudi.

Alirudi baada ya wiki chache, akaeleza jinsi nyuki wanavyosongamana na kutetemesha misuli yao wapate joto. Akafaulu, akahitimu na wenzake.

Jirani alimtania Armand kwamba siku hizi watoto hupewa alama kwa kuua nyuki.

"Wa kwangu alipewa kwa kujua kilichowaua," Armand alijibu.

Kiangazi hicho Celeste alipima kupe mapema kwenye mzinga mpya, akawatibu nyuki kwa wakati. Majira ya baridi yalipokwisha, Armand aliweka sikio kwenye mzinga. Ndani nyuki walikuwa wakivuma.