Fundi Aliyeshona Suti ya Marehemu

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa duka la ushonaji. Kila asubuhi Fundi alifungua madirisha, akatia mafuta kwenye cherehani, kisha akaanza kumchokoza mke wake.

"Bi Vifungo, futi yangu umeitia kwenye supu?"

"Iko shingoni kwako, Mzee. Umeivaa kama tai."

Jina la Bi Vifungo alipewa na watoto wa mtaa, maana yeye ndiye aliyeshona vifungo na kukunja pindo. Mumewe alisifika kwa jambo moja: hakuandika vipimo. Alikupima mara moja tu, akakuweka kichwani. Ukirudi baada ya miaka mingi, alikutazama ukiwa bado mlangoni na kusema, "Kiuno kimepanuka. Huko ulikokwenda walikulisha vizuri."

Lakini siku za karibuni mambo yalianza kwenda mrama. Fundi aliuliza swali, akajibiwa, akaliuliza tena.

"Mzee amekula chumvi nyingi," wateja walisema, wakacheka. Bi Vifungo naye alicheka. Angefanyaje?

Siku moja mwokaji mikate alikuja kuchukua suti yake ya harusi. Kijana mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Akaingia nyuma ya pazia. Akatoka ameshika suruali kwa mikono miwili.

"Fundi, humu tunaenea mimi na bibi harusi, na shemeji mmoja juu!"

Bi Vifungo alilitazama koti. Tumbo pana. Mikono mifupi. Umbo lile alilijua.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Hivi ni vipimo vya baba yako."

Baba wa mwokaji alikuwa bonge la mtu. Alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita.

"Haiwezekani!" Fundi akafoka. "Huyu kijana nilimpima mwenyewe!"

"Ulimpima lini?"

Fundi akajaribu kukumbuka. Siku ile haikuwemo kichwani mwake. Marehemu alikuwemo mzima, na tumbo lake lote, ila kijana aliyesimama mbele yake hakuwa ameingia.

Mtoto wao mkubwa, ambaye nyumbani walimwita Bosi kwa kupenda kuamrisha, aliposikia habari hizo alikuja mbio.

"Cherehani iuzwe," akasema. "Baba apumzike. Ametuaibisha vya kutosha."

"Nikipumzika nitaoza," Fundi akajibu.

"Jumamosi naleta mnunuzi."

Walikuwa bado wanabishana pale jirani yao Nesi alipoingia. Alifuata sare yake ya kazi, iliyoletwa kupunguzwa kiuno. Fundi alikuwa anamjibu mwanawe, mkasi mkononi. Ghafla akanyamaza katikati ya neno. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumtazama mtu. Mdomo ukawa unatafuna, na hakuna kilichokuwemo. Vidole vya mkono mmoja vikachezea kifungo cha shati.

"Mnaona? Ameanza!" Bosi akamshika mabega. "Baba! Baba!"

"Mwache, kaka, usimtikise," Nesi akasema. Taratibu akautoa ule mkasi mkononi. Akasogeza mbali pasi ya moto. Kisha akakaa karibu naye, akawa anamsemesha kwa upole. Baada ya muda mfupi Fundi akapepesa macho.

"Nani kachukua mkasi wangu?"

Nesi akamgeukia Bi Vifungo. "Bibi, huwa anakuwa hivi?"

"Mara kwa mara, mwanangu. Sisi tunasema amepanda ndege. Akitua tunamuuliza ametuletea zawadi gani."

Mara akakumbuka. Siku ile mwokaji alipokuja kupimwa, Fundi alipanda ndege. Futi ilikuwa bado kiunoni mwa kijana. Na yeye, mke wake, alicheka.

"Hili huenda si uzee tu," Nesi akasema. "Linafanana na kifafa."

Bosi akaruka. "Kifafa ni kuanguka na kutoa povu! Na ukoo wetu haujarogwa!"

"Hicho ni kifafa cha aina moja. Kingine huja kimyakimya, kama hivi ulivyoona. Wazee wengi hukipata, na watu hudhani ni usahaulifu. Si uchawi, wala hakiambukizi. Ni umeme wa ubongo unapiga shoti. Lakini si kila msahaulifu ana kifafa. Twende hospitali akapimwe."

Huko daktari alimvisha kofia yenye nyaya za kupima umeme wa ubongo. "Kofia hii ndogo," Fundi akalalamika, "aliyeishona hakupima." Picha ya ubongo ilionyesha kovu la kiharusi kidogo cha zamani, ambacho hakuna aliyekigundua. Kifafa kilikuwa kimeanzia hapo. Daktari akampa dawa. "Kila siku, Mzee. Hata ukijisikia mzima, usiiache bila kuniuliza."

Waliporudi, Bi Vifungo alimkalisha Nesi kwenye kiti cha wateja.

"Nieleze, mwanangu. Aliyekufa anamkumbuka. Aliye hai hamkumbuki. Imekuwaje?"

Nesi akagusa kichwa chake, usawa wa sikio. "Humu ndani kuna sehemu ndogo, imejikunja. Ndiyo mlango wa mambo mapya. Jambo likishaingia na kukaa sana, huhifadhiwa kwingine. Marehemu alishahifadhiwa. Lakini shoti ikipiga hapa mlangoni, mgeni haingii."

"Kwa hiyo mlango umeharibika basi," akasema Bosi.

"Ngoja, kaka, kuna jambo la ajabu. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo vilivyo hai. Zamani wataalamu waliamini mtu mzima hapati seli mpya za ubongo hata moja. Kisha wakaona kwa panya kwamba hapo hapo mlangoni huzaliwa seli mpya, hata panya akiwa mzee. Uzee hupunguza uzazi huo. Kifafa huuvuruga. Seli zinazaliwa kwa fujo na kujiunga pasipo pake. Kikiendelea sana, zinapungua."

"Na kwa watu?" Bi Vifungo alinong'ona.

"Bado wanabishana. Wengine wanasema wameziona hata kwa wazee wa miaka themanini. Wengine wanasema hawajaona kitu."

Fundi akapapasa upara wake.

"Yaani huenda humu mna wodi ya wazazi?"

Walicheka mpaka machozi. Lakini Bi Vifungo aliendelea kukitazama kile kichwa. Alikinyoa miaka yote. Hakujua kwamba huenda chini ya ngozi ile kuna kitu kinazaliwa.

"Ng'ombe hazeeki maini," akasema. "Sasa tufanyeje?"

"Dawa kwanza. Alale vya kutosha. Atembee. Na ubongo upewe kazi, hata ya kujifunza upya. Ila pasi na mkasi mkubwa asiviguse mpaka shoti zitulie."

Bosi akainamisha kichwa. Akatoka nje, akampigia simu mnunuzi. "Usije," walimsikia akisema. "Baba ana kazi."

Suti ya mwokaji ilikatwa upya. Sasa Fundi alitaja kila kipimo kwa sauti, na mkewe akakiandika ukutani kwa chaki. Bi Vifungo ndiye aliyekata. Kila jioni walitembea wote wawili mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Fundi akaanza pia kujifunza kuchora ramani za nguo kwenye karatasi, kazi aliyoidharau maisha yake yote.

Ndege zikapungua. Baadaye zikaacha kuruka. Si yote yaliyorudi: siku ya kumpima mwokaji haikupatikana tena.

Kisha akaja msichana wa duka la simu, mgeni mtaani. Alipimwa, akaenda. Aliporudi wiki iliyofuata, Fundi alikuwa ameupa mgongo ukuta wenye vipimo. Akamtazama msichana akiwa bado mlangoni.

"Bega la kushoto limeshuka kidogo," akasema. "Ulituambia ni kwa sababu ya kubeba mkoba."

Sindano ikamchoma Bi Vifungo kidoleni. Hata hakusikia. Akaitupa nguo, akakimbia hadi kwa jirani.

"Nesi! Amemkumbuka mtu mpya! Ni zile seli?"

"Sijui, Bibi. Dawa imezima shoti, hilo najua. Hayo mengine hata mabingwa bado wanayatafuta."

Bi Vifungo akarudi. Fundi alikuwa ameinama, miguu inakanyaga cherehani, upara unang'aa dirishani. Akasimama kumtazama, kama mtu anayetazama mayai yakianguliwa.

"Nini tena?" Fundi akauliza bila kugeuka.

"Shona," akasema. "Wewe shona tu, mume wangu."