Daktari wa Mawazo Aliniambia Nilie

Nyumba ya baba yangu iliungua mchana kweupe, na aliyewaonyesha mgambo njia ya kufika pale alikuwa daktari wangu.

Siyo daktari wa sindano. Daktari wa mawazo.

Mgambo waliita mlangoni mara moja, kivivu, ilimradi ionekane wameita. Kimya... Wakapeleka kibiriti kwenye nyasi za paa.

Mimi nilisimama pembeni. Felisian, ndiyo jina lake huyo daktari, alikuwa ameziba pua kwa leso. Moshi ulimsumbua, maskini ya Mungu.

"Daktari," nikamwambia, "si nilikuambia baba akiitwaga na hawa watu hajibu?"

"Uliniambia."

"Na wao umewaambia?"

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa.

"Dada Wankyo, lia," akasema. "Usijibane. Kulia ni sehemu ya tiba."

Hebu someni tena hayo maneno, halafu tuendelee.

Ilikuwa mwaka sabini na nne, wakati wa kuhamia vijijini. Ninyi mmesoma darasani, sisi tulibeba vyungu kichwani. Watu wa vilima vya upande wa Butiama tuliambiwa tushuke kwenye kijiji kipya, tujenge kwa mistari, tupate shule, zahanati na bomba. Shule ilikuja, sikatai. Bomba nalo lilikuja, maji ndiyo yalisahau njia.

Baba yangu, Mzee Nyamhanga, hakushuka.

Alisema mke wake amezikwa pale, na yeye hajawahi kumwacha mke peke yake nyumbani. Akaapa kwamba wakija atajifungia ndani, hatajibu, wafanye watakalo.

Kijijini nilidanganya watu kwamba mzee amekwenda kwa ndugu zake Suguti. Kumbe nilikuwa napanda mlima kwa siri kumpelekea unga.

Siri ile ikaninyima usingizi. Nikakonda. Mikono ikaanza kutetemeka mpaka nikawa namwaga uji wa watoto. Mume wangu akanipeleka Musoma mjini, na huko nikakabidhiwa kwa Felisian.

Felisian alikuwa ametoka masomoni Ulaya, na alitaka hata mbuzi wajue. Hakusema "karibu" kabla hajakohoa kwa Kizungu. Chumba chake kilikuwa na viti viwili na pazia jipya, na mikutanoni ndiye aliyehubiri watu wahame.

"Hapa tunazungumza tu," akaniambia. "Mimi ni kisima, dada. Neno likiingia kwangu halitoki."

Nikamtazama. Kisima? Mtu mzima, na elimu yote ile, hajui kwamba kisimani watu wanakwenda kuteka?

Nikanyamaza. Nikarudi tena, nikanyamaza tena. Bibi yangu Nyamburi alitulea na sheria moja: usimpe mtu siri yako mpaka na yeye aweke yake. Akikataa, kunyweni uji, muagane kwa heri.

"Anza wewe," nikamwambia Felisian.

Akacheka. "Daktari hasemi. Daktari anasikiliza."

"Basi nimepona. Kwa heri."

"Ngoja, ngoja..."

Wagonjwa hakuwa nao, jamani. Watu walikuwa wanaogopa lile pazia. Mimi nikiondoka, atawaonyesha nani wakubwa wake kwamba tiba yake inafanya kazi? Akatazama mlango, akasogeza kiti.

"Mama yangu, Marcelina, yuko Kibara, kando ya ziwa," akasema. "Na yeye amekataa kuhamia kijijini. Nimewaambia viongozi kwamba nyumba ile ni ya mapumziko ya wagonjwa wangu. Ndiyo maana hawaigusi."

"Na wagonjwa wanakwendaga?"

"Hata mmoja." Akacheka tena, kwa kujisifu.

Mhubiri wa kuhama, mama yake hajahama! Nilimdharau palepale. Lakini siri ameshaweka, na sheria ya bibi ni sheria. Nikaweka na mimi yangu. Nikamweleza yote, baba, unga, mlima, na kile kiapo cha kutojibu. Nililia siku ile, sitawaficha. Nikatoka mwepesi.

Ziara iliyofuata, hata sijakaa vizuri, akaniuliza:

"Huko mlimani unapandia upande gani?"

"Kwa nini?"

"Ni muhimu kwa tiba. Kuna alama? Jiwe, mti, mto?"

Mganga anauliza unaumwa wapi. Huyu anauliza njia.

Nikamwambia njia. Yote, ya kweli, mpaka jiwe la kukunjia kona.

Subirini kwanza kabla hamjanitukana.

Haikupita wiki, akaja kijijini na gari la serikali. Mwenyekiti wa kijiji yumo, mgambo wamo, na mimi nikaamriwa nipande. Felisian ndiye aliyetaka nishuhudie.

"Baba yake ndiye mzizi wa ugonjwa," alimweleza mwenyekiti. "Mzizi ukitoka, mgonjwa atalala."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Ndipo tukafika pale nilipoanzia. Paa likaanguka ndani, cheche zikaruka hadi kwenye kaburi la mama yangu. Mwenyekiti akampa Felisian mkono.

"Kazi nzuri, daktari. Lakini mbona mgonjwa mwenyewe halii?"

"Mshtuko," Felisian akajibu. "Hisia zimeganda."

Hisia gani zimeganda? Nyumba iliniuma, nilizaliwa mle. Lakini mle ndani kulikuwa na panya na chungu kilichopasuka. Baba hakuwemo.

Mnakumbuka siku niliyoulizwa njia? Kesho yake asubuhi nilipanda mlima. Nilimkuta baba anachonga mpini wa jembe.

"Baba, twende Kibara."

"Mimi sihami."

"Hakuna kuhama. Kuna mama huko anaitwa Marcelina. Na yeye amegoma kuhama."

Kisu kikasimama.

"Amegoma kweli?"

"Kweli kabisa. Amebakiaga peke yake kando ya ziwa."

Mzee akakifuta kisu, akakiweka chini.

"Huyo mtu ana akili," akasema. "Nitakwenda kumsalimia tu."

Akaenda kaburini kumuaga mama, akamwambia hakawii. Tukashuka barabarani, tukadandia lori la pamba mpaka Bunda, tukapata lingine mpaka Kibara. Mama Marcelina alikuwa anaanika samaki.

"Shikamoo mama. Mimi ni mgonjwa wa mwanao Felisian," nikamwambia. "Na huyu ni baba yangu. Tumesikia hapa ni nyumba ya mapumziko."

Mama akaangua kicheko mpaka akashika kiuno.

"Karibuni sana! Ameniambiaga nikiulizwa niseme wagonjwa wapo. Nimechoka kudanganya peke yangu hapa. Leo na mimi nitasema kweli."

Mkoa mzima wa Mara, ile ndiyo nyumba pekee ambayo Felisian asingewapeleka mgambo. Na njia ya mlimani nilimpa kamili kwa makusudi, nimpime. Angekaa nayo kifuani, ningemwomba msamaha mpaka leo. Hata pale motoni nilimpa nafasi ya mwisho. Alijua kwamba mzee hajibu akiitwa, hata akiwemo ndani. Neno moja tu kwa mgambo lingetosha, na yeye akaona bora afute miwani.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kibara kumpelekea baba ugoro wake. Tukiwa tunakula, Felisian akaingia na sukari ya mama yake. Uso unang'aa, mtu aliyesifiwa na wakubwa.

Akamwona mzee amekaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, anakula ugali na furu, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Mama... huyu ni nani?"

"Si mgonjwa wako? Kwanza msalimie mzee. Nilikulea mimi, hukulelewa na ng'ombe."

Felisian akaniona. Akaikumbatia sukari kama mtoto.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu," baba akajibu, anachambua miiba ya samaki taratibu. "Wewe ndiyo daktari? Nasikia ulifika kwangu hukunikuta. Pole na safari."

Angesema nini? Akimtaja baba, mgambo watakuja pale pale, na nyumba ya mama yake itafuata. Akawa mlinzi wetu kwa nguvu. Akakaa chini, akashika kichwa, machozi yakamlengalenga. Kama ni ya hasira au ya aibu sikuuliza, mimi sikusomea.

Nikainama karibu naye.

"Daktari, lia," nikamwambia. "Usijibane. Kulia ni sehemu ya tiba."

Usiku ule nililala hapo Kibara mpaka jua likanikuta kitandani. Mikono haijatetemeka tena hadi leo hii ninavyoandika na kidole kimoja kwenye simu ya mjukuu.

Felisian akaomba uhamisho, akaenda kuwa kisima cha watu wengine huko mbali. Mambo yalipotulia, baba akarudi mlimani, akajenga upya kando ya kaburi la mama. Mama Marcelina alikuwa akija kumsalimia. Salamu zenyewe zilikuwa ndefu kidogo, lakini hayo siyo ya kuwaambia ninyi.

Sisemi msiende kwa washauri. Mjukuu wangu huyu mwenye simu anasomea kazi hiyo hiyo, na juzi ameniuliza, "Bibi, mshauri mzuri anajulikana vipi?"

Nimemjibu hivi: ukimweleza kinachokuuma, sikiliza swali lake la kwanza. Akiuliza unaumia vipi, kaa. Akiuliza njia, beba mzee wako uondoke.