Picha ya Dirishani

Kila asubuhi Mama Picha alianza kazi kwa kufuta vumbi. Alifuta kamera, akafuta kiti cha wateja, akanyoosha pazia la buluu lililoning'inia nyuma ya kiti. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa la kioo linalotazama barabara. Watu walikuja kupiga picha za vitambulisho, za shule na za harusi. "Mimi nakujua hata ukinipa kisogo," aliwatania wateja wake, nao walicheka na kuamini.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa mzee aliyeitwa Karani. Alifanya kazi mahakamani miaka thelathini. Sasa aliuza kalamu na bahasha, na kuwajazia watu fomu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mama Picha alisema mzee huyo hata akizama mtoni ataomba msaada kwa barua.

Kisha msiba ukaingia mtaani.

Mtoto wa kike wa miaka saba aliuawa ndani ya nyumba yao. Mama yake aliumizwa vibaya, akalazwa hospitali. Baba yake alikamatwa siku hiyohiyo. Majina yao hayamo katika hadithi hii. Sikusahau kuyaandika. Ukifika mwisho utajua kwa nini nimeyaacha.

Familia ile ilikuwa imehamia karibuni, na watu hawakuijua vizuri. Hilo halikuwazuia kusema. Walisimama mbele ya nyumba na simu zao. Walipiga picha mlango, walipiga picha kamba ya nguo. Wengine waliweka wanasesere langoni. Mvua ikawanyeshea wanasesere hao, rangi ya macho ikawatoka. Walibaki wameegemea lango, wakiwakodolea wapita njia nyuso zisizo na macho. Hakuna aliyethubutu kuwaondoa.

Gazeti liliandika mistari michache tu. Lilisema mtoto wa miaka saba, likasema mtu wa familia anashikiliwa. Hakukuwa na jina wala picha. Mama Picha alilikunja kwa hasira.

"Wanaficha," alimwambia Karani. "Mtoto amekufa, halafu wanamwandika kama hana jina. Hapo kuna mkono wa mtu."

"Hawafichi," Karani alisema. "Wamewekewa mpaka."

"Mpaka wa nani?"

"Wa sheria. Na una sababu yake. Nikueleze?"

Lakini mteja aliingia studio, Mama Picha akaenda, na hakurudi kuuliza. Ndivyo tulivyo. Habari tunazikimbilia, maelezo yanatuchosha.

Mchana ule alikumbuka jambo. Mwezi uliopita mama wa mtoto yule alikuja kupigisha picha za shule. Mama Picha akafungua kompyuta, akatafuta. Picha ilikuwepo. Mtoto alikuwa amekaa wima, ana kibanio chekundu kichwani, anatabasamu kidogo. Moyo ulimuuma kweli. Alilia peke yake pale kwenye kiti cha wateja.

Alipomaliza kulia, aliituma picha kwenye kundi la simu la mtaa, pamoja na jina kamili la mtoto. Aliandika, "Pumzika kwa amani, malaika. Wao wanakuficha, sisi hatutakuficha." Kisha akachapa nakala kubwa, akaiweka kwenye fremu yenye utepe mweusi, akaisimamisha dirishani ikitazama barabara. Nia yake ilikuwa njema. Lakini nia njema haimzuii mtu kukanyaga kidonda cha mwenzake.

Ndani ya siku mbili picha ilikuwa kila mahali. Ilibandikwa kwenye nguzo, ilikaa kwenye simu za watu wasiomjua mtoto. Chini yake watu walimhukumu baba, kisha mama. "Alijua huyo mama," waliandika. "Anajifanya mgonjwa."

Wiki ya pili, uvumi mwingine ukaanza. Mtoto yule alikuwa ameonekana.

Alionekana upande wa pili wa mji, amesimama mbele ya duka la mikate, kibanio chekundu kichwani. Muuza mikate aliangusha sinia. Mtoto aliinama kumsaidia kuokota, muuza mikate akakimbilia ndani na kufunga mlango. Siku nyingine alionekana kwenye uwanja wa kuchezea. Watoto wote walitawanyika, na yeye akabaki peke yake, ameshika kamba ya kuruka.

"Roho yake haijatulia," watu walisema.

Mama Picha alicheka aliposikia. Lakini tangu siku hiyo hakupenda kupita mbele ya dirisha lake mwenyewe. Aliona kama picha inamfuata kwa macho. Na pazia la buluu likitikiswa na upepo, aligeuka haraka kutazama.

Siku moja saa sita mchana, jua likiwa kali, alikuwa akifuta kioo cha dirisha kwa ndani. Fremu ilikuwa imempa mgongo. Aliinua macho kutazama barabara.

Mtoto yule alikuwa amesimama nje ya kioo. Alikuwa anaitazama picha yake. Sura ile ile, kibanio kile kile. Tabasamu tu ndilo halikuwepo.

Kitambaa kilimdondoka Mama Picha. Alirudi nyuma hatua moja. Ndipo akaona kwamba mtoto ameshikwa mkono na mwanamke. Wakaingia ndani.

"Mimi ni mama yake mkubwa," mwanamke alisema. "Nimemlea huyu tangu anaachishwa ziwa. Mdogo wangu alijifungua pacha, watoto wawili wakamwelemea, nikamchukua mmoja. Wewe ndiye mwenye hii picha?"

"Ndiyo," Mama Picha alijibu.

Mtoto alinyoosha kidole dirishani. "Yule ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Kwani mimi ndiye niliyekufa?"

Mama mkubwa alimvuta mtoto karibu naye.

"Wiki nzima ananiuliza hivyo," mama mkubwa alisema. "Nikimwita kwa jina lake haitiki. Hali mpaka nimlishe. Watoto wanamkimbia. Jana mtu alimmwagia maji ya chumvi njiani, eti kufukuza mzimu. Dada, umemzika mtoto aliye hai."

"Sikujua kama wako wawili," Mama Picha alisema. "Wallahi sikujua. Mama yao aliniletea mmoja."

"Tulikuja wote," mtoto alisema. "Nilikuwa likizo kwao. Mwenzangu aliogopa ule mwanga wa kamera. Alijificha pale kabla hujatuona. Mama akaninong'oneza kwamba sura ni moja, picha zangu zitatosha za wote."

Alionyesha pazia la buluu. Wote watatu wakalitazama. Halikutikisika.

Alikwenda kwenye kompyuta. Picha za shule hukatwa pembeni ili ibaki sura peke yake. Sasa alifungua ile ya mwanzo, ambayo haijakatwa. Mtoto alikuwa katikati, kwenye kiti. Kando kabisa, kwenye ukingo wa pazia, palikuwa na vidole vinne vidogo. Juu ya vidole palikuwa na jicho moja na nusu ya mdomo unaocheka.

Jicho lile lilikuwa limemtazama tangu siku ya kwanza, naye alilikata bila kuliona. Yeye anayejua watu hata kwa kisogo! Mama Picha alijiona mdogo kuliko mtoto aliyesimama mbele yake.

Alimwita Karani. Mzee alikuja, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi.

"Ulisema kuna mpaka," Mama Picha alimwambia. "Nieleze sasa."

"Watu hudhani mpaka ule unamlinda muuaji," Karani alisema. "Mara nyingi unamlinda mtoto aliyebaki. Ukimtaja marehemu, umemtaja ndugu yake. Umeitaja nyumba yao na mama yao. Gazeti linajua wapo watu ambao halijawaona. Wewe hukujua."

"Na baba naye? Tumnyamazie?"

"Usiwanyamazie polisi. Ukijua jambo, lipeleke kwao. Lakini bado hajahukumiwa, na hakimu ndiye wa kuhukumu. Watu wakishahukumu kwenye simu, wakili wake atasimama na kusema mteja wangu hawezi kupata haki hapa. Kesi inaweza kuyumba. Halafu mama yao ni shahidi. Akikuta mtaa umeshampangia maneno, nani atayaamini ya kwake?"

"Mimi si gazeti, mzee wangu. Ni kundi la mtaa tu."

"Lina watu wangapi?"

"Mia tatu."

"Basi umechapisha. Sheria hazifanani kila nchi, lakini nyingi hazibagui gazeti na simu. Ukiwa na shaka, uliza mahakamani, au kwa ofisa wa ustawi wa watoto. Kuuliza hakuna aibu."

Mama Picha aliiondoa fremu dirishani hapohapo. Akaifuta picha kwenye kundi. Kisha akashika simu aandike maneno, akasita.

"Niwaambie kwamba picha si ya marehemu?"

"Ukisema hivyo, wataanza kumtafuta mwenyewe," Karani alisema.

Hapo ndipo alipoelewa. Hakuweza kueleza kosa lake bila kumtaja mtoto aliye hai. Ilibidi abebe lawama akiwa amefunga mdomo. Aliandika, "Nilikosea kutuma ile picha na lile jina. Tafadhali futeni, na mliowatumia waambieni wafute. Tusitaje mtoto yeyote wa kesi hii."

Majibu yalimiminika. "Kwa nini?" "Nani kakuhonga?" "Na wewe umeanza kuficha?" Mmoja aliandika, "Kama ile ina kasoro, tutumie nyingine. Unazo, tunajua."

Alikuwa nayo. Ilikuwa bado imefunguka mbele yake, vidole vinne na jicho moja. Angeituma, watu mia tatu wangemshukuru na kulia naye. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaandika neno moja, "Hapana," akazima simu.

Siku zilizofuata alipita nyumba kwa nyumba kuomba picha ifutwe. Wengine walimsikiliza, wengine walimfungia mlango. Alibandua karatasi kwenye nguzo kwa kisu na maji. Karani alimsindikiza langoni kwenye ile nyumba, wakawakusanya wanasesere kwenye gunia. Mama mkubwa naye alikwenda kwa ofisa wa ustawi, na ofisa akazungumza na walimu. Kisha mama mkubwa alimpeleka mtoto hadi duka la mikate. "Huyu ni mwanangu," alimwambia muuza mikate. "Mshike mkono, usikie ulivyo na joto." Muuza mikate aliushika, akaanza kulia. Tangu hapo yeye ndiye aliyewakemea wanaomkimbia.

Mtaani mazungumzo yalipungua. Kesi iliendelea mahakamani, mahali pake. Mama wa watoto alipona, akatoa ushahidi wake, na hakimu akamsikiliza bila kelele za nje. Karibu na nyumba ya mama mkubwa hakuna aliyeuliza tena ni mtoto wa kesi gani. Walijua tu kwamba hodari wa kuruka kamba ni yeye.

Lakini kuna siku moja kabla ya hayo yote, nayo ndiyo ninayotaka kumalizia.

Mtoto alikuwa bado haitiki jina lake. Mama Picha aliomba aletwe studio. Alikuwa amechapa nakala moja tu ya ile picha nzima, akaitia kwenye bahasha ya Karani na kuifunga kwa gundi. Akampa mtoto mkononi.

"Hii sijampa mtu mwingine," alimwambia. "Wala mashine yangu haina tena. Ni yako."

Mtoto alifungua bahasha. Alitazama katikati, akatazama pembeni, penye pazia. Kisha akaweka kidole juu ya vile vidole vinne.

"Huyu ni yeye," alisema. "Anacheka. Aliniambia nikiuona ule mwanga nifumbe macho, nikakataa."

Akahamisha kidole, akakiweka juu ya kibanio chekundu.

"Na huyu ni mimi."

Mama mkubwa alimwita kwa jina lake, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango uliokuwa umefungwa.

"Naam, mama," mtoto akaitika.